Wamesema naweza kufanya kazi nyepesi: kukata rufaa ya mafao ya ulemavu Marekani

SWALI

Habari za kazi. Nina miaka 52, nimetoka Moshi na sasa naishi Houston, Texas. Nimesoma hadi kidato cha nne. Kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya wazee, mara nyingi shifti mbili mfululizo. Mwaka jana mgongo ulinikamata nikimnyanyua mgonjwa kitandani. MRI ilionyesha diski mbili za kiunoni zinabana neva. Tena nina kisukari na nyayo zinakufa ganzi. Niliacha kazi, nikaomba mafao ya ulemavu ya Social Security. Barua imekuja wiki tatu zilizopita, nimekataliwa. Wanasema ni kweli siwezi kurudi kwenye kazi ya CNA, ila naweza kufanya kazi nyingine nyepesi. Rafiki yangu wa kanisani anasema kila mtu hukataliwa mara ya kwanza, niachane na barua niombe upya. Kiingereza cha kuongea si kibaya, cha makaratasi ndicho kinanishinda. Je, nina kesi? Na mama yangu anaumwa nyumbani. Naweza kwenda kumwona kabla mambo haya hayajaisha?

JIBU

Pole sana, dada yangu, kwa mgongo na kwa hiyo barua. Kesi unayo, na kwa maelezo yako ni nzuri kuliko unavyodhani. Ila nianze na lenye haraka. Barua usiitupe, na maombi mapya usianze. Kata rufaa ndani ya siku 60. Ofisi ya Hifadhi ya Jamii, hiyo Social Security, huchukulia kwamba barua ilikufikia siku tano baada ya tarehe iliyochapishwa juu yake, kwa hiyo hesabu siku 65 kuanzia tarehe hiyo. Wiki tatu zimeshapita. Muda uliobaki unatosha kabisa, mradi usiusubirie siku ya mwisho. Anayechelewa anaweza kuomba asikilizwe kwa kueleza sababu nzito, kama kulazwa hospitalini au kufiwa, lakini hapo anaomba hisani wakati angeweza kudai haki.

Huyo rafiki yako ana nia njema, na kwamba wengi hukataliwa mara ya kwanza ni kweli: takribani theluthi mbili ya maombi hukwama hapo. Ushauri wa kuanza upya ndio unaoumiza watu. Mafao yenu mliokatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii kwenye mshahara, yaani SSDI, huanza kuhesabiwa baada ya miezi mitano kamili tangu ulemavu ulipoanza, na hayawezi kurudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya tarehe uliyoomba. Ukiacha ombi la kwanza life na kufungua la pili, ile tarehe inasogea mbele na miezi ya nyuma inapotea. Kuna hatari nyingine watu hawaijui. Kinga yako ya SSDI, yaani kipindi ambacho kodi uliyokatwa bado inakustahilisha, ina mwisho. Kwa mtu wa umri wako anayeacha kazi baada ya kufanya kazi mfululizo, hudumu kwa takribani miaka mitano, kisha inakatika. Nimeona watu wanaomba, wanakataliwa, wanaomba tena, hadi siku wanayopata wakili wa kuwasaidia wanakuta tarehe ya kinga imeshapita, na sasa wanatakiwa kuthibitisha walivyokuwa miaka ya nyuma kwa rekodi ambazo hawakuwahi kuzitengeneza. Rufaa inashikilia tarehe yako ya kwanza. Ishike.

Sasa tuisome barua yako vizuri, maana ina habari njema ndani yake. Uamuzi wa ulemavu Marekani hupita hatua tano. Wanaangalia kama unafanya kazi yenye kipato kinachohesabika (mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi), kama ugonjwa ni mzito na utadumu angalau miezi 12, kama unalingana na magonjwa yaliyoorodheshwa kwenye kanuni zao, kama unaweza kurudi kwenye kazi uliyofanya ndani ya miaka mitano iliyopita, na mwisho kama kuna kazi nyingine yoyote nchini unayoiweza. Wewe umeanguka kwenye hatua ya tano. Wamekubali kwamba unaumwa kweli, na wamekubali kwamba CNA imekushinda. Na katika hatua hiyo ya mwisho, wao ndio wenye wajibu wa kuonyesha kwamba hizo kazi nyingine zipo.

Hapa ndipo umri wako unapokubeba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna majedwali ndani ya kanuni za Hifadhi ya Jamii yanayounganisha mambo manne: umri, elimu, kazi za nyuma na nguvu zilizobaki. Kufikisha miaka 50 kunakupeleka kwenye safu nyingine kabisa ya jedwali. Kwa mtu wa miaka 50 hadi 54 mwenye elimu yako, ambaye stadi za kazi yake ya zamani hazihamishiki, majedwali yanasema hivi: akiwa anaweza kufanya kazi ya kukaa tu, ni mlemavu kisheria na analipwa. Akiwa anaweza kazi nyepesi, halipwi. Wahesabu kidato cha nne kuwa sekondari iliyokamilika au isiyokamilika, jibu halibadiliki.

Kwa hiyo swali zima la kesi yako limebaki kwenye miguu. Kazi nyepesi kwa maana yao si kazi rahisi. Ni kazi ya kuinua mpaka pauni 20 mara mojamoja, kama kilo 9, na pauni 10 mara kwa mara, huku ukisimama au kutembea takribani saa sita katika siku ya saa nane. Kazi ya kukaa ni pauni 10 tu, na kusimama kama saa mbili. Mtu fulani ofisini, ambaye hajawahi kukutazama ukipanda ngazi, ameandika kwenye jalada lako kwamba unaweza kusimama saa sita kila siku, siku tano kwa wiki, kwa nyayo zisizo na hisia na neva iliyobanwa kiunoni. Hilo ndilo la kuvunja. Usitawanye nguvu kupigania kila kitu. Kila karatasi utakayoongeza kuanzia leo iwe inajibu swali hilo moja: unasimama muda gani, unatembea umbali gani, unabeba nini, na baada ya hapo nini kinatokea.

Ili ulivunje lazima kwanza ulione. Barua ya kukataliwa huwa fupi na lugha yake ni ya jumla. Sababu halisi ziko kwenye waraka mwingine ndani ya jalada, wanaouita Disability Determination Explanation. Utaje kwa jina hilo hilo ukiomba nakala ya jalada lako. Ni haki yako kuipata. Humo utaona daktari wa ofisi ya jimbo, inayopitia maombi kwa niaba ya Hifadhi ya Jamii, ameandika saa ngapi za kusimama, amezingatia vipimo vipi, na rekodi za kliniki zipi hazikuwahi kufika. Mara nyingi sana kinachokosekana ndicho kilicho muhimu: kipimo cha neva za miguu, maelezo ya daktari wa miguu, sindano za mgongo ulizopigwa, siku ulizohudhuria mazoezi ya viungo na jinsi yalivyoshindwa kukusaidia. Hospitali iliombwa rekodi, haikujibu, na uamuzi ukatolewa bila hizo.

Kisha nenda kwa daktari wako, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, maana watu wengi hukosea kwa nia njema. Wanaomba barua inayosema fulani ni mlemavu na hawezi kufanya kazi. Barua hiyo haina uzito wowote. Kwa maombi yote yaliyofunguliwa tangu tarehe 27 Machi 2017, kauli ya daktari kwamba mtu ni mlemavu haichambuliwi hata kidogo, kwa sababu uamuzi huo umewekwa mikononi mwa Hifadhi ya Jamii wenyewe. Wala hakuna tena ule upendeleo wa zamani wa kumwamini zaidi daktari anayekutibu. Kinachopimwa ni kama maoni yake yameegemea vipimo alivyofanya mwenyewe, na kama yanapatana na rekodi nyingine zilizomo.

Unachotaka ni fomu ya uwezo wa mwili iliyojazwa kwa tarakimu. Dakika ngapi anaweza kusimama kwa mara moja? Jumla ya saa ngapi katika siku ya kazi? Kukaa je? Anahitaji kulala chini mchana, au kuinua miguu juu? Anabeba pauni ngapi? Maumivu na dawa vinamtoa kwenye kazi asilimia ngapi ya muda? Kwa mwezi mmoja atakosa kazini siku ngapi? Na chini ya kila jibu, kwa nini: MRI ya tarehe fulani, kipimo cha neva, nyayo kutohisi zilipoguswa kwa uzi wa kupimia, misuli ya mguu kulegea, sukari ya miezi mitatu imepanda hadi wapi. Muuguzi bingwa anayekuona kila mwezi anaweza kuijaza ndani ya mipaka ya leseni yake, na mara nyingi anakujua kuliko daktari unayemwona mara moja kwa mwaka. Kama unatumia mkongojo, daktari aandike kwamba unauhitaji kiafya na kwa hali zipi: kusimama, kutembea, sehemu zisizo tambarare. Mkongojo ulionunua mwenyewe dukani bila maandishi ya daktari unaweza kupuuzwa.

Kuna jambo linatuathiri sisi hasa. Kwetu mtu haanzi mazungumzo kwa kulalamika. Daktari anaingia, anakuuliza u hali gani, na wewe kwa adabu uliyolelewa nayo unajibu nzuri, namshukuru Mungu. Anaandika: mgonjwa anaendelea vizuri. Miezi kumi baadaye jaji anayesikiliza rufaa yako anaisoma sentensi hiyo. Msalimie daktari kwa adabu yako yote, kisha mwambie ukweli wa wiki nzima: siku zipi hukuweza kutoka kitandani, ulisimama jikoni dakika ngapi kabla ya kutafuta kiti, umeanguka mara ngapi. Kadhalika usingizi, na ile huzuni ya kutoka kwenye kazi ya kuhudumia watu na kuja kukaa ndani peke yako. Sheria inawataka wapime magonjwa yako yote kwa pamoja, ya mwili na ya akili. Msongo wa mawazo usioandikwa popote hauwezi kupimwa.

Fomu za maisha yako ya kila siku nazo zijaze kwa mtindo huo huo. Wanauliza unafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Wengi huandika napika, nafua, naenda kanisani, na kwa kila jibu wanajichimbia shimo. Andika kama ilivyo: napika chakula cha sufuria moja, nimekaa kwenye stuli, mwanangu ndiye anayeinua sufuria, kanisani naenda Jumapili mbili kwa mwezi, nakaa nyuma ili niweze kusimama na kujinyoosha, na nikirudi nalala hadi jioni. Usiongeze chumvi. Jaji amesoma majalada mengi, na akikukuta na neno moja lisilo la kweli, yale ya kweli tisini na tisa yanapoteza nguvu.

Kwenye historia ya kazi, kuwa mwangalifu na cheo. Nyumbani tumezoea kumwita nesi kila anayevaa yale mavazi, na wengine hivyo ndivyo walivyowaeleza ndugu zao. Kwenye fomu hizi andika CNA, na ueleze kazi yenyewe: kumgeuza mgonjwa wa kilo 90, kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kumwogesha, kusimama shifti nzima. Ukiandika nesi, au ukajiita msimamizi kwa sababu uliwahi kumwonyesha kazi mgeni mmoja, unajipa stadi ambazo mtu anaweza kusema zinahamishika kwenda kazi ya mezani. Stadi halisi za CNA kwa kawaida hazihamishiki hivyo, na kesi yako inategemea hilo.

Kuhusu Kiingereza, kuna ushauri wa kizamani bado unazunguka kwenye jamii zetu. Zamani kutojua Kiingereza kulihesabiwa kama upungufu wa elimu kwenye majedwali niliyoyataja. Kanuni hiyo iliondolewa tarehe 27 Aprili 2020. Kilichobaki ni kutojua kusoma na kuandika kwa lugha yoyote, na wewe hilo halikuhusu. Kwa hiyo asije mtu akakushauri kujifanya huelewi lugha. Mkalimani ni suala lingine. Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa simu, ofisini na mbele ya jaji, na unastahili hata kama Kiingereza chako kinakutosha sokoni na kazini. Omba tangu fomu ya kwanza. Usimtumie binti yako. Mtoto hapaswi kutafsiri habari za choo na maumivu ya mama yake, na hataijua lugha ya wataalamu. Na mkalimani akiwa anazungumza Kiswahili cha kwingine usichokielewa vizuri, cha Kongo kwa mfano, sema pale pale wakati kikao kinarekodiwa.

Basi rufaa yenyewe. Hatua ya kwanza ni kupitiwa upya kwa karatasi, na utajaza fomu SSA-561 (ombi lenyewe la kupitiwa upya), SSA-3441 (hali yako ya sasa) na SSA-827 (ruhusa ya kuchukua rekodi zako za matibabu). Zote unaweza kuzituma kwa mtandao, au kupiga 1-800-772-1213, au kuzipeleka ofisini. Ukipeleka kwa mkono, dai nakala yenye muhuri wa tarehe. Watapitia watu wengine wa ofisi ile ile ya jimbo. Sitakudanganya: hapa wanaofanikiwa ni wachache. Wanaweza kukupeleka kwa daktari wanayemlipa wao. Nenda bila kukosa, kwa sababu kutokwenda peke yake ni sababu ya kukataliwa, na umwambie huyo daktari yale yale unayomwambia wa kwako. Ukikataliwa tena, usivunjike moyo na usikae kimya. Siku 60 nyingine zinaanza, na fomu ni HA-501, ya kuomba kusikilizwa na jaji.

Kwa jaji ndipo kesi kama yako hushinda. Kwa nchi nzima karibu nusu ya kesi hufaulu kwenye ngazi hiyo, na miaka mingine zaidi. Kusubiri kunachosha, ni miezi mingi, ila ni mara yako ya kwanza kuonwa na mtu anayeamua. Utapata taarifa ya tarehe angalau siku 75 kabla. Ushahidi wote uwe umefika, au uwe umewajulisha kwa maandishi kwamba upo njiani, siku tano za kazi kabla ya kikao. Wanaweza kupanga kikao kwa simu, na una haki ya kukikataa ukitoa pingamizi ndani ya muda ulioandikwa kwenye taarifa. Kwa mtu mwenye shida ya mgongo napendelea video au ana kwa ana, ili jaji aone unavyoinuka kwenye kiti baada ya dakika ishirini.

Chumba chenyewe kisikutishe. Hakuna wakili wa serikali wa kukubana. Kuna jaji, wewe, mwakilishi wako (wakili au mjuzi mwingine wa kesi hizi), mkalimani, na mtaalamu wa ajira, mara nyingi kwa simu. Utaapishwa. Ukiulizwa unasimama muda gani, neno kidogo halisaidii. Sema dakika kumi na tano, halafu mguu wa kushoto unawaka, nakaa, na inachukua nusu saa kutulia. Jaji atamwuliza mtaalamu: mtu wa umri na elimu hii, anayeweza kadha wa kadha, ana kazi gani? Mtaalamu atataja majina ya kazi kutoka kwenye kitabu cha serikali cha kazi ambacho marekebisho yake ya mwisho ni ya mwaka 1991. Humo zimo kazi ambazo karibu zimetoweka, na mwaka 2024 Hifadhi ya Jamii wenyewe walizuia zaidi ya 100 kati ya hizo zisitumike kumnyima mtu mafao. Mwakilishi mzuri anajua kuuliza maswali matatu yanayofuata. Kama mtu huyu anasimama saa mbili tu, zile kazi nyepesi zinabaki? Kama anakosa kazini siku mbili au zaidi kwa mwezi? Kama anahitaji kulala chini mara moja nje ya mapumziko? Mara nyingi mtaalamu hujibu kwamba hakuna mwajiri anayeweza kuvumilia hayo. Ndiyo maana nimesisitiza ile fomu ya daktari yenye tarakimu. Maswali hayo hayana miguu kama majibu yake hayako kwenye jalada.

Zaidi ya jaji kuna Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho, kila moja kwa siku zake 60. Huko wanatafuta makosa ya sheria ya jaji, hawakusikilizi upya, na bila wakili usiende. Na kama mambo yatavutana hadi ufikishe miaka 55, ujue kwamba siku hiyo jedwali linageuka tena kwa faida yako: mtu wa umri huo mwenye historia kama yako anaweza kupita hata akiwa na uwezo wa kazi nyepesi.

Mwakilishi mtafute sasa, usingoje jaji. Halipwi ukishindwa. Ukishinda anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mikataba ya kawaida isizidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwishoni mwa 2024 kilikuwa dola 9,200. Hifadhi ya Jamii wenyewe hukata kiasi hicho kwenye malimbikizo na kumlipa. Anaweza kukudai gharama za kupata rekodi, basi. Mtu anayetaka mamia ya dola mkononi ili akujazie fomu, hata awe wa nyumbani na mnasali pamoja, mkatae kwa upole. Mashirika ya msaada wa kisheria husaidia bure wenye kipato kidogo. Mwulize yeyote utakayempata maswali mawili: atakuletea nakala ya jalada lini, na nani hasa atakayekaa nawe mbele ya jaji.

Najua ulipoacha kazi huenda bima ya afya nayo iliondoka, na Texas ni kati ya majimbo ambayo hayajapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali, kwa watu wazima wenye kipato kidogo. Pengo la miezi bila matibabu litaulizwa. Kanuni zinamtaka jaji azingatie sababu kabla ya kukuhukumu kwa hilo, kwa hiyo sababu iandikwe: nilikosa bima, dawa hii niliacha kwa kukosa pesa. Wakati huo huo nenda kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato, hata mara moja kila miezi miwili, ili rekodi isikatike. Ukifika mahali pa kufukuzwa nyumba au kukosa dawa, andika barua fupi ya kueleza dhiki hiyo, uambatanishe notisi ya mwenye nyumba, na uombe kesi iharakishwe. Utaratibu huo upo na watu wengi hawautumii.

Umesema mgongo ulikukamata ukimnyanyua mgonjwa. Fidia ya kuumia kazini ni madai tofauti na haya. Texas haiwalazimishi waajiri wengi binafsi kuwa na bima hiyo, kwa hiyo kwanza ulizia kama mwajiri wako alikuwa nayo. Kama alikuwa nayo, taarifa kwa mwajiri ilitakiwa ndani ya siku 30 na madai yenyewe ndani ya mwaka mmoja. Ona wakili wa mambo hayo wiki hii kama mwaka haujatimia. Ukilipwa kote kuwili, SSDI inaweza kupunguzwa ili jumla isizidi asilimia 80 ya mapato yako ya zamani, hivyo kila upande ujue habari za mwenzake.

Sasa kuhusu mama. Nenda ukamwone. Rufaa ya SSDI haikufungi miguu, na safari fupi haiifuti. Ila kama uliomba pia SSI, ile ya wenye kipato kidogo, ambayo mtu mmoja hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo unapoteza haki ya miezi hiyo, kwa hiyo rudi kabla. Kama bado si raia, angalia pia masharti ya kadi yako ya ukaazi kwa safari ndefu. Usiondoke kabla rufaa haijatumwa. Mwachie mtu unayemwamini afungue barua zako na kukupigia picha kila inayotoka Hifadhi ya Jamii siku hiyo hiyo, maana siku 60 zinahesabiwa hata ukiwa Moshi. Mjulishe mwakilishi tarehe za kwenda na kurudi. Na kwa kuwa jaji anaweza kukuuliza mtu wa mgongo mbovu alikaaje kwenye ndege saa zote hizo, safiri kama unavyostahili: omba kiti cha magurudumu kwenye kila uwanja, chagua siti ya kando ya njia ili uweze kuinuka, uwe na dawa mkononi, na utunze karatasi za tiketi zinazoonyesha uliomba msaada huo. Ukirudi, muone daktari mapema, umweleze safari ilikufanya nini, na uhakikishe ameandika.